Mlingoti Ndani ya Sardabu

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo hazijapata mwenye kuzisifu, kwa kuwa hazina chama wala madrasa, na mwenye kuzifanya hajiiti fundi mbele za watu, iko moja ifanywayo katika majimbo ya baridi ya Marekani na Kanada, usiku wa siku za kazi na mchana kutwa wa Jumamosi, na mtu mwenye ajira nyingine ya kumlisha, chini ya sakafu ya nyumba yake mwenyewe: kazi ya kuitwaa sardabu, yaani kile chumba kizima cha chini ya ardhi ambacho wajenzi walikiacha zege tupu, kuta za kijivu na mabomba yaning'iniayo, na kuigeuza, kwa fedha haba na subira nyingi, iwe chumba cha maburudisho chenye sura ya mahali pengine. Majirani huicheka kazi hiyo, na wake wa wenye kuifanya huihesabu kuwa ni maradhi ya wanaume wa makamo. Nami sikatai kuwa mengi ya matokeo yake hayatazamiki. Hata hivyo naiona ni sanaa yenye heshima kamili, tena ngumu kuliko kazi ya mjenzi wa nyumba mpya, maana mjenzi wa nyumba mpya huanza na kiwanja kilichosawazishwa, ilhali huyu huanza na vizuizi asivyoweza kuviondoa, akalazimika kuvikaribisha kwa adabu hata mgeni aingiapo adhani vilialikwa.

Msomaji wa pwani, ambaye nyumba yake imekaa juu ya ardhi wala haina kitu chini yake ila mchanga, huenda akauliza shimo hilo lilichimbwa kwa ajili gani. Lilichimbwa kwa ajili ya jalidi. Katika jimbo la Minnesota, ambako mfano wangu watoka, maji yaliyomo ardhini huganda majira ya baridi, na maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban sehemu 9 katika 100, yakaiinua ardhi, na ardhi ikauinua msingi, na msingi ukaipasua nyumba. Kwa hiyo sheria ya jimbo huamuru msingi ushuke inchi 42 katika wilaya za kusini na inchi 60 katika zile za kaskazini, yaani zaidi kidogo ya mita moja huku na ya mita moja na nusu kule, mpaka uipite tabaka yote igandayo. Na maadamu mchimbaji amekwisha kufika huko, kushuka futi chache zaidi hakumgharimu mwenye nyumba sana, naye hujipatia ghorofa nzima kwa bei ya shimo. Zamani ghorofa hiyo ilikuwa makao ya tanuri na ghala la makaa ya mawe, mahali pa masizi na buibui. Lakini karne ya ishirini ilipofika katikati, mafuta na gesi vilikuwa vimekwisha kuyaondoa makaa katika nyumba nyingi, tanuri likawa dogo, ghala likawa tupu, na watu wakajikuta wana ukumbi chini ya miguu yao usio na kazi maalumu.

Wengi walioutia utupu huo sura ya mbali walikuwa askari waliorudi kutoka vita vya Bahari ya Pasifiki mwaka 1945, pamoja na wale waliosikiliza hadithi zao. Tangu miaka ya 1930 Donn Beach alikuwa amefungua huko Hollywood kilabu kidogo kilichopambwa kwa mianzi, nyavu na takataka za ufukweni, na Victor Bergeron akafanya mfano wake huko Oakland; na baada ya vita, mtu asiye na nauli ya Tahiti alishuka ngazi za nyumbani kwake akajijengea Tahiti yake kwa mianzi na mikeka. Walakini jambo hilo lina upande wake wa kuhuzunisha, kwa kuwa sanamu za miungu na mababu wa Wapolinesia zilifinyangwa zikafanywa vikombe vya pombe, na wenyewe hawakuulizwa neno. Kwangu mimi hiyo ndiyo ithibati ya kosa la kwanza la kazi hii, ambalo ni kuazima sura ya mahali ambapo mtu hapamdai kitu, wala yeye hapakumbuki kwa lolote. Chumba cha namna hiyo humchosha mwenye nacho upesi, maana hana la kumsimulia mgeni juu yake isipokuwa bei ya vitu vilivyomo.

Sahibu yangu mmoja, mzaliwa wa Lamu, ambaye sasa anakaa Brooklyn Park, mji wa ubavuni mwa Minneapolis uliohamiwa na Wakenya wengi, alikusudia chumba cha kutazamia sinema, akakichagulia sura ya jahazi. Na aliichagua, kama alivyonieleza mwenyewe bila ya haya, kwa sababu ya nguzo. Katikati ya sardabu yake ilisimama nguzo ya chuma, nyembamba, iliyopakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, imebeba boriti kuu ya nyumba nzima. Mmoja wa wenzake alimshauri aifiche ndani ya sanduku la mbao, na mwingine akamshauri aiondoe, ushauri ambao ungewashushia jiko na vitanda vichwani mwao. Yeye aliizunguka jioni nyingi, akaegemea ukutani akiitazama, mpaka akaiona mlingoti. Ilipokuwa mlingoti, zege ikawa sitaha, dari ikawa usiku, ukuta wa mashariki ukawa omo na ule wa magharibi ukawa tezi, na mambo mengine yote yakafuata kama mashahidi wanavyofuatana mahali pa kesi iliyo wazi.

Hata hivyo nguzo ile haikuguswa kwa muda mrefu, maana fundi wa sardabu ana mwalimu mkali ambaye lazima aridhishwe kwanza, naye ni maji. Maji huingia kwa njia mbili, na asiyezitofautisha atapoteza fedha zake. Iko njia ya ardhini, ambapo mvua na theluji iliyoyeyuka hupenya katika zege, na alama yake ni ile chumvi nyeupe ichanuayo ukutani, kwani maji yapitapo hubeba chumvi za ndani ya zege na saruji, na yakikauka huziacha nje. Na iko njia ya hewani, ambapo hewa nzito ya kiangazi cha Minnesota hushuka ngazi, ikakutana na ukuta baridi, na ukuta ukatoka jasho kama mtungi wa maji ya kunywa. Ili kujua ni njia ipi, hutwaliwa kipande cha nailoni kama inchi 18 kila upande, kikabandikwa sakafuni kwa utepe pembe zote, kikaachwa usiku na mchana; matone yakionekana chini yake, yametoka ardhini, na yakionekana juu yake, yametoka hewani. Ni kipimo kisichogharimu zaidi ya bei ya utepe, na nimeona watu wenye elimu kubwa wakikidharau, wakanunua mikebe ya rangi iliyoandikwa kuwa huzuia maji, wakapaka kuta za ndani kwa bidii, na majira ya kuchipua rangi ikabambuka kama magamba.

Aghalabu ugonjwa uko nje. Mfereji wa paa humwaga maji yake yote kando ya msingi, na udongo wa bustani, ambao umeshindiliwa na miaka, huinamia nyumba badala ya kuikimbia. Basi tiba ni kurefusha bomba la mfereji liyapeleke maji mbali, na kuinua udongo ushuke walau inchi 6 katika futi 10 za kwanza kutoka ukutani, kazi ya sepetu na toroli ambayo duka lolote la vifaa halina faida ya kuitangaza. Sahibu yangu alitumia majira yote ya kupukutika majani akihamisha udongo, na jirani yake, aliyekwisha kuambiwa kuwa kunajengwa jahazi, alikuja uani kuuliza ni jahazi gani lianzalo kwa bustani. Jawabu lililomstahili ni kuwa hata majahazi yetu hayakushushwa majini kabla ya kuzibwa kalafati. Ila sahibu yangu alikuwa amechoka, hakumjibu hivyo, alimwomba tu amwazime toroli la pili.

Adui mwingine hana hata chumvi ya kumfichua. Urani iliyomo katika udongo wa nchi hizo, katika kuoza kwake polepole, huzaa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hupenya nyufa za sakafu na kukusanyika sardabuni, nayo katika Marekani huhesabiwa ya pili baada ya tumbaku kwa kusababisha saratani ya mapafu. Hatari yake majumbani ilijulikana na umma kwa namna ya ajabu, pale mwezi wa Desemba 1984 Stanley Watras, mhandisi katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alipokuwa akiliza ving'ora vya mionzi alipoingia kazini, ilhali mtambo wenyewe ulikuwa haujaanza kutoa umeme; ikaja kubainika kuwa mionzi ile aliibeba kutoka nyumbani kwake. Minnesota ni mojawapo ya majimbo yenye gesi hiyo kwa wingi: idara ya afya ya huko husema nyumba 2 katika kila 5 hupita kiasi kinachohitaji tiba. Kikopo cha kupimia ni cha bei ndogo, na tiba yake ni bomba na feni ivutayo hewa ya chini ya zege ikaitoa juu ya paa. Hakuna mgeni atakayelisifu bomba hilo, na sahibu yangu alilipa kwa ajili yake zaidi ya alivyolipa kwa mapambo yote ya chumba.

Humo ndimo ninamoiona busara ya kazi hii na insafu yake: fedha huenda pasipoonekana, na akili huenda panapoonekana. Mtu akipindua kanuni hiyo, akanunua viti vya ngozi kabla ya kukausha ukuta, atakuwa amenunua viti vya ukungu.

Ukuta wenyewe una utaratibu usiokubali haraka. Kwanza hubandikwa juu ya zege mabamba ya povu gumu, viungo vyake vikazibwa, ili hewa yenye joto isiufikie ukuta baridi ikatoa maji mahali pasipofutika. Mbele ya povu husimamishwa fremu ya mbao za mbili kwa nne, kila mti ukiwa inchi 16 kutoka katikati ya mwenziwe, kwa kuwa bamba la jipsamu lina upana wa futi 4, na hesabu hiyo huufanya ukingo wake uangukie katikati ya mti bila ya kukatwa. Na ubao ulalao juu ya zege huwa umetiwa dawa usiliwe na unyevu. Hapa timazi hutawala. Zege ya sardabu aghalabu imepinda, na mwanafunzi hushawishika kuufuata ukuta. Fundi huufuata uzi, akauacha upenyo wa nyuma uwe mwembamba hapa na mpana pale, kwani hakuna atakayeuona. Kisha huja jipsamu, ambayo Augustine Sackett alipata hati ya kuivumbua huko Marekani mwaka 1894, tabaka juu ya tabaka pamoja na karatasi. Watu huidharau kwa kuwa hupasuka kwa kiwiko, lakini ndani ya chembe zake mmefungwa maji, takriban moja ya tano ya uzito wake, na moto ukiushika ukuta hauna budi kuyachemsha maji hayo yote kabla ya kupita. Ndiyo maana sheria huamuru povu, ambalo huwaka vibaya, lifunikwe kwa jipsamu ya nusu inchi. Na bamba hilo lisiguse sakafu: huinuliwa nusu inchi, ili siku maji yakimwagika karatasi yake isiyanywe.

Kazi ya kuziba viungo sitaieleza kwa urefu, maana haielezeki. Ni utepe, na lipu nyepesi mara tatu, kila mara pana na nyembamba kuliko ya kwanza, na msasa, na vumbi jeupe katika nyusi. Na baada ya hayo yote taa ikiwekwa ubavuni mwa ukuta hufichua kila uvivu. Nina hakika kwamba tabia ya mtu hujulikana katika mkono wa tatu wa lipu kuliko katika mazungumzo ya mwaka mzima.

Ziko kanuni ambazo fundi wa nyumbani huzilalamikia, nami huzitetea. Sheria ya kielelezo ya ujenzi wa nyumba, ambayo majimbo mengi ya Marekani huifuata pamoja na marekebisho yao, hutaka dari ya chumba cha kukaliwa iwe futi 7 kutoka chini, na sardabu iwe na dirisha la kutokea lenye uwazi wa futi za mraba 5.7, na kizingiti chake kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni, ili mtoto aweze kutoka na mzima moto, akiwa na mtungi wake mgongoni, aweze kuingia. Kukata zege kwa ajili ya dirisha na kazi ya nyaya za umeme ndizo kazi mbili ambazo sahibu yangu aliwapa mafundi wenye leseni. Na dirisha lile, ambalo lilitishia kuliharibu giza la sinema, alilitilia ubao ufungukao ndani kwa mkono mmoja bila ya komeo, akauchora nakshi kama ile ya omo ya jahazi.

Ndipo ikaja zamu ya mlingoti. Nguzo ilizungushiwa kamba ya katani kutoka chini hadi juu, mzunguko umebanana na mzunguko, kwa gundi na nyundo ya mpira. Na hapa siwezi kujizuia kukumbusha kuwa katani ya pwani ya Tanga ilitoka Amerika, kwani ni Richard Hindorf aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, ikafika 62 tu iliyo hai, na kutoka kwayo yakaenea mashamba yote yale. Kamba iliyonunuliwa katika duka la Minnesota ilikuwa, basi, kwao kuliko mnunuzi. Tanga la jahazi lake, ambalo ndilo pazia la kuonyeshea picha, lilikuwa na nasaba ya namna hiyo hiyo. Lilishonwa kwa merikani, pamba nyeupe nzito isiyotiwa rangi, ambayo mafundi rangi wa huko hutandika sakafuni wasichafue, nayo huuzwa kwa bei ya chini kuliko pazia lolote la sinema. Na ni katika mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alipotia mkataba na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem alipofika Unguja kuwa balozi wao mdogo, na merikebu za Salem zikawa zikileta nguo hiyo iliyofumwa Massachusetts na kurudi na pembe, ngozi na sandarusi. Mababu wa sahibu yangu waliivaa. Yeye ameitundika, akaipaka rangi nyeupe isiyong'aa mikono miwili, akaiwamba katika fremu isiwe na mkunjo, akaizungushia ukingo wa kaniki. Na kwa kuwa tanga la kweli lina pembe ambazo sinema haizijui, aliinamisha foromali juu ya picha, akalikunja tanga la ziada humo, mstatili ukabaki chini yake ukionekana umeteremshwa kwa kazi.

Ukingo ule wa kaniki si urembo. Projekta haiwezi kutoa weusi. Hutoa mwanga tu, na weusi wa picha ni ule wa chumba chenyewe, kwa hiyo kila ukuta mweupe urudishao mwanga huipauza sura ya usiku. Sardabu, ambayo watu huilaumu kwa giza lake, hapo huwa na fadhila ambayo sebule ya juu haiwezi kuinunua. Sahibu yangu hakutundika dari ya pili. Aliipaka rangi nyeusi boriti zote, na mabomba, na mikondo ya bati ipitishayo hewa ya joto, kila kilicho juu ya kichwa, akazibakiza inchi ambazo dari mpya ingezila. Na mambo yote yaliyokuwa aibu ya chumba yakatoweka kwa mikebe michache ya rangi. Hasara yake ni sauti, maana dari iliyo wazi hupitisha kila kelele juu, na mwenye nyumba lazima achague kati ya kimo na amani ya waliolala. Alichagua kimo, na amani huipata kwa kupunguza sauti baada ya Isha.

Kisha akatia nyota. Hadaa hii ina ukoo mtukufu: mwaka 1923 msanifu John Eberson, mzaliwa wa Czernowitz aliyehamia Marekani, alifungua huko Houston thieta ya Majestic, ambamo badala ya kuba la nakshi na dhahabu aliwatandikia watazamaji dari laini ya lipu iliyopakwa buluu, ikawa mbingu, yenye taa ndogo kwa nyota na mashine ya kupitisha mawingu, na dari ile, pamoja na ajabu yake, iliokoa fedha, jambo ambalo wenye majumba ya sinema hawakukawia kulitambua. Majestic ya Houston ilibomolewa mwaka 1971, lakini thieta ya Eberson ya Tampa ya mwaka 1926 ingali inapokea watu. Sahibu yangu alifanya mbingu yake kwa nyuzi nyembamba za plastiki zipitishazo mwanga, alizozipenyeza katika mbao nyembamba nyeusi baina ya boriti, taa moja hafifu ikiziwasha zote. Akakataa, kwa ubishi ulionifurahisha, kuzitawanya ovyo. Alizipanga kwa ramani ya mbingu ya Lamu, digrii mbili na kitu kusini ya Ikweta. Kilimia, ambacho wakulima wetu wa zamani walipimia majira, kipo katika mbingu zote mbili. Lakini upande wa kusini ameweka Msalaba wa Kusini, ambao katika Minneapolis hauchomozi hata siku moja ya mwaka, na nyota ya kaskazini, ambayo wenyeji wa huko huiona nusu ya mbingu juu, hakuiweka kabisa, kwa kuwa Lamu haionekani. Watoto wa shule waliokuja kutazama walimsahihisha. Hapo nami nikaelewa faida ya sura iliyo na deni: chumba kile kina jambo la kubishaniwa.

Wala sidhani kuwa Mlamu aliyefika Minnesota alihitaji kufundishwa hila hizi. Nyumba za mawe za kwao, zile za karne ya kumi na nane zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazimudu kubeba dari pana kupita mita tatu au pungufu yake. Na mafundi wa wakati ule, waliposhindwa kuupanua ukumbi, waliuchonga ukuta wa ndani kwa safu juu ya safu za zidaka, wakaupa kina ambacho haukuwa nacho, wakapanga humo sahani za Kichina na kivuli. Hawakuulaumu mkoko kwa ufupi wake. Chokaa ilikuwa rahisi na muda wa fundi ulikuwa mwingi, na kwa vitu hivyo viwili waliifanya dosari ya mti kuwa fahari ya mji.

Kuhusu mahali pa kupata vitu kwa bei ndogo sitasema mengi, kila mji una njia zake. Ziko Amerika ya Kaskazini maduka yaitwayo ReStore, la kwanza likiwa limefunguliwa Winnipeg mwaka 1991, ambayo huuza milango, taa na mbao zilizotolewa katika nyumba nyingine, na mapato yakaenda kuwajengea nyumba watu wenye shida. Na yako maduka ya rangi ambayo huweka kando mikebe iliyokosewa kuchanganywa, yakaiuza kwa senti. Buluu ya omo ya sahibu yangu ilikuwa rangi aliyoikataa mtu mwingine. Hadhari tu na vitambaa. Elvis Presley, katika sardabu ya nyumba yake ya Graceland huko Memphis, alifunika kuta na dari za chumba cha mchezo wa biliadi kwa nguo iliyokunjwa kunjwa, zaidi ya yadi 300, na wageni hadi leo huishangaa. Asiye na fedha huona hiyo ni njia rahisi ya kuficha kila kitu, akaenda kutundika nguo za bei ya chini juu ya taa zenye joto. Nguo ya dari iwe imetiwa dawa ya kuzuia moto, au isiwepo, na king'ora cha moshi kiwepo kwa vyovyote.

Kilichobaki kugombewa ni viti. Sahibu yangu amejenga baraza ya mbao kwenye kuta mbili, ndani yake sanduku za kuhifadhia, juu yake mikeka ya miyaa na mito, na hoja yake ni kuwa aketiye barazani huona picha na huona watu. Wanawe wanataka viti vya sinema vyenye tundu la kikombe, ambavyo vilitolewa katika jumba moja la sinema lililokuwa likibadilisha viti vyake, na kwa kweli vinauzwa karibu na bure. Mama yao ameingia kati kwa kuuliza ni nani atakayefagia baina ya miguu ya viti hivyo, swali ambalo mpaka nilipoondoka lilikuwa halijajibiwa. Wakati huohuo mdogo wao amedai mashine ya bisi, nayo katika jahazi haina mahali. Nilipoulizwa shauri nikasema ikae chini ya ngazi, karibu na tanuri, ila mbali nalo kwa kiasi ambacho fundi wa gesi atakapokuja aweze kupita na sanduku lake la vyombo.